Mkaguzi wa Sura za Mwisho

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Jamhuri ya Shwari haijawahi kupiga kitabu marufuku. Nchi zinazopiga vitabu marufuku ni nchi za waoga, na Shwari, kama redio yake inavyosema kila asubuhi kabla ya kipindi cha salamu, haina mwoga hata mmoja. Kinachofanyika Shwari ni kwamba kila kitabu hupewa cheti. Kisichopata cheti hubaki huru kabisa kule bandarini, ndani ya kontena, wala hakuna anayekisumbua.

Vitabu vyenyewe vilianza kuja kwa wingi baada ya Mtukufu Mlezi wa Taifa kwenda ng'ambo kutibiwa jino. Kwenye chumba cha kusubiri alimkuta kijana wa miaka kama kumi na mitano akisoma riwaya ya watu wa kale wa nchi nyingine, huku machozi yakimchuruzika. Mlezi aliguswa sana. Hapohapo, na jino bado linamuuma, aliamuru vijana wa Shwari nao wasome riwaya za namna hiyo, ili walilie mambo ya wenzao na wasipate nafasi ya kulilia ya kwao. Aliporudi nyumbani, Wizara ya Elimu na Mazuri Mengine ilikuwa imeshaanzisha somo jipya la lazima, Riwaya za Kihistoria za Mataifa Mengine kwa Vijana, likiwa na mtaala, bendera yake ndogo na wimbo.

Riwaya ilitakiwa iwe mbali na Shwari kwa namna tatu. Iwe mbali kwa bahari, yaani ng'ambo. Iwe mbali kwa miaka, isipungue mia moja na hamsini. Na iwe mbali kwa hali ya hewa. Sharti hili la tatu ndilo Wizara ililolipenda kuliko yote, kwa sababu Shwari hakuna theluji, na wataalamu walikubaliana kwamba jambo lililotokea kwenye theluji haliwezi kutokea pasipo na theluji. Kwa hiyo watoto wa Shwari, ambao barafu walikuwa wameiona sokoni tu chini ya samaki, waliweza kukueleza vizuri sana namna ya kumfunga farasi kwenye gari lisilo na magurudumu.

Kazi ya kutoa vyeti ilikuwa mikononi mwa Bwana Erasto Lukindo, Mkaguzi wa Kutofanana Daraja la Pili, mtu wa makamo, mpole, mwenye tai moja ya kahawia na wembe mmoja. Tai ilikuwa ya mikutano. Wembe ulikuwa wa sura za mwisho.

Utafiti wa Idara ya Kutofanana ulikuwa umegundua kwamba ndani ya riwaya watu huvumilia vizuri sana, wanapigwa na njaa, wanapigwa na baridi, wanapigwa na wakubwa wao, na mambo yanakwenda. Wanaharibu kwenye sura ya mwisho. Ndipo ikaamriwa kila riwaya iondolewe sura yake ya mwisho kabla haijapelekwa shuleni. Katika mtihani wa taifa, swali la saba huwa ni lilelile kila mwaka: Riwaya hii inaishaje? Jibu sahihi ni kutaja nambari ya ukurasa.

Sura zilizokatwa zilitakiwa zichomwe. Bwana Lukindo alikuwa anakusudia kuzichoma. Alikusudia kwa miaka tisa, na wakati huo alizihifadhi kwenye mtoto wa meza ya ofisini, zikafika thelathini na nane, na kila mchana alisoma moja huku akila mihogo yake. Hivyo katika nchi ya watu milioni tisa yeye peke yake ndiye aliyejua nani alimwoa nani na nani alirudi kutoka vitani. Ulikuwa mzigo. Mara nyingine alimwona kijana amekaa kituoni na riwaya mkononi, uso umemwiva kwa wasiwasi, akatamani kumwinamia amnong'oneze: tulia mwanangu, farasi anapona.

Riwaya iliyomtia matatani ilikuwa na theluji kila ukurasa. Ilimhusu Yelka, msichana wa miaka kumi na minne, binti wa mpiga kengele katika mji mmoja wa kaskazini kabisa mwa dunia. Mji uliingiliwa na tauni. Mfalme alitangaza kwamba tauni imekwisha, na ili watu wasimwone mwongo akakataza kengele isipigwe kwa ajili ya mfu yeyote. Kaka yake Yelka akafa, akazikwa kimya kimya. Bwana Lukindo aliisoma, akahesabu kurasa zenye theluji, akaipa cheti siku hiyohiyo, akaikata sura ya mwisho na kuiweka pamoja na nyingine.

Sasa, kuna jambo la Bonde la Chumvi, ambalo kwa bahati nzuri halikutokea. Miaka miwili nyuma palikuwa na homa huko. Mtukufu Mlezi alitangaza redioni, siku ya Jumanne, kwamba homa imekwisha, na taifa likapiga makofi. Tatizo dogo likawa kwamba Jumatano watu waliendelea kufa. Kwa kuwa homa haikuwapo tena, hawakuwa na kitu cha kuwaua, na Wizara ya Afya ilipokaa kulitafakari suala hilo ikaona kwamba watu hao wamehama. Ndugu zao waliletewa barua fupi: Tunakujulisha kuwa ndugu yako amehama bila kuacha anuani. Usimtafute.

Matanga yakafa, kwa sababu huwezi kumwekea matanga mtu aliyehama. Badala yake ikazuka desturi mpya ya sherehe za kumuaga mhamaji. Wanawake walitandika mikeka, wakajifunga kanga, wakakaa chini siku tatu. Kulia kuliruhusiwa, kwa kibali cha mtendaji wa mtaa, mradi iwe ni kwa ajili ya kutengana. Mgeni kutoka nje angepita akadhani watu wa Shwari wanapendana kupita kiasi, maana sherehe hizo zilikuwa nyingi mno mwaka ule.

Bwana Lukindo naye aliandaa moja. Dada yake mkubwa, Felista, aliyemfundisha kusoma kwa kuandika herufi za mkaa kwenye mlango wa jikoni, alihama Bonde la Chumvi siku ya Alhamisi. Barua aliipokea, akaisoma mara mbili, akaiweka kwenye faili. Hakulia, kwa kuwa kibali kilichelewa, na kilipofika alikuwa ameshazoea kutolia.

Basi wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa, Idara ikapokea taarifa kutoka Shule ya Sekondari Tumaini Jema. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne alikuwa amekumbuka. Alikuwa ameandika insha kuhusu Yelka, na katikati ya insha akakumbushwa kitu. Mwalimu Mkuu, Bwana Pongwa, aliiona insha hiyo akiwa anatafuta chaki kwenye meza ya mwalimu mwenzake, na uzalendo ukamshika.

Kukumbuka darasani ni kosa lenye fomu yake. Fomu ya Mwanafunzi Aliyekumbushwa ina safu tano, na mwanafunzi akijaziwa hiyo hufutwa kwenye orodha ya mtihani. Bwana Lukindo alichukua fomu moja, muhuri na, kama ushahidi, sura ya mwisho ya kitabu chenyewe. Hivyo ndivyo alivyojiambia, kwamba ni ushahidi. Akavitia kwenye mkoba na kwenda.

Shule ilimpokea kwa heshima zote. Chini ya mwarobaini palining'inia rimu ya lori iliyotumika kama kengele, na kando yake alisimama msichana mwembamba mwenye nondo mkononi. Aligonga mara tatu, kama kanuni ya shule inavyotaka, si mbili wala nne, akaweka nondo chini na kukimbilia darasani.

"Yule ndiye," alisema Bwana Pongwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha nyoka. "Semeni Mbwambo. Kiranja wa kengele. Mtoto mwenye akili sana, ndiyo maana nina wasiwasi naye."

Darasani waliinuka wanafunzi arobaini na mmoja. "Shikamoo, Mheshimiwa!"

"Marahaba. Kaeni."

Mwalimu wa somo, Bibi Kibibi Shebughe, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa, alijiweka pembeni karibu na dirisha. Bwana Pongwa akakohoa, akaanza hotuba.

"Mheshimiwa Mkaguzi, wanafunzi wapendwa, na meza kuu," alisema, ingawa meza ilikuwa moja na ilikuwa na kifutio tu. "Shule yetu ina historia ndefu ya kutokumbuka. Mwaka juzi tulikuwa wa kwanza kiwilaya kwa kutokumbuka. Sisi tunasoma habari za wenzetu waliokaa gizani, tunawaonea huruma, tunafunga kitabu, tunakwenda kula. Sasa atokee mtu mmoja, kwa makusudi kabisa, afungue kitabu cha theluji aone kwao! Hebu Mheshimiwa wasikie mwenyewe." Akageuka. "Darasa! Kisa hiki kinawakumbusha nini?"

"Hakitukumbushi chochote!" liliitika darasa kwa mkupuo, kwa sauti ya watu waliofanya mazoezi.

Sauti moja ilikosekana. Bwana Lukindo aliisikia ilivyokosekana.

"Semeni," alisema. "Simama, mwanangu. Wewe kimekukumbusha nini?"

Msichana alisimama. Mikono aliiweka nyuma.

"Kimenikumbusha mama, Mheshimiwa."

"Mama yako yuko wapi?"

"Amehama. Kule kwetu, Bonde la Chumvi."

"Sasa amehama, ana uhusiano gani na watu waliokufa kitabuni?"

"Ndiyo nilichokiandika kwenye insha, Mheshimiwa. Barua ilisema amehama. Lakini mimi na shangazi ndio tuliomwosha. Na mtu anayehama haoshwi."

Bibi Kibibi alitazama nje ya dirisha.

Bwana Pongwa akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaifungua kifuniko, akamkabidhi mkaguzi kwa mikono miwili. Fomu ikatandazwa juu ya meza kuu. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, kidato. Ya tatu, kitabu. Ya nne, na hapa Bwana Lukindo alisimamisha kalamu kabla hata ya kuandika jina, ilisema: Taja jambo lililomo kitabuni na jambo lililopo nchini linalofanana nalo.

Kwa kawaida safu ya nne huijaza mtuhumiwa mwenyewe, huku analia. Bwana Lukindo aliisogeza fomu upande wa Semeni.

"Andika hapa, mwanangu."

Semeni aliisoma kwa makini, maana alikuwa mtoto wa kusoma maswali kabla ya kujibu. "Siwezi, Mheshimiwa. Nimeandika kwamba mama alihama na mimi nikamwosha. Hayo ya kufanana ni mtu mwingine ameyaona. Labda aliyepeleka taarifa."

Macho yote yakamgeukia Bwana Pongwa.

"Mimi?" alisema Mwalimu Mkuu, akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi sijaona kitu kinachofanana na kitu! Mimi ni mtu wa hisabati! Nilisema tu kuna harufu ya kufanana. Mwalimu wa somo ndiye ajaze."

"Mimi nilielekezwa nifundishe," alisema Bibi Kibibi. "Sikuelekezwa nielewe."

Fomu ikazunguka. Kiranja mkuu wa darasa alisema hajafika safu ya nne maishani mwake. Karani wa shule aliitwa, akaisoma, akasema amesahau miwani, na miwani ilikuwa usoni. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kugundua kwamba fomu ile haiwezi kujazwa na mtu asiye na hatia, kwa sababu ili uone kwamba fulani amekumbushwa, sharti ukumbushwe kwanza wewe. Ikarudi mezani jinsi ilivyokuwa.

"Lakini lazima ijazwe na mtu," alisema Bwana Pongwa, jasho likimtoka. "Fomu isiyojazwa ni batili, na mkaguzi mwenye fomu batili, Mheshimiwa, nadhani unajua kanuni. La sivyo mwandikie tu huyu mtoto, maneno yoyote, upige muhuri. Mtihani atafanya mwaka mwingine."

Bwana Lukindo alijua kanuni, na alijua kwamba Shwari hakuna mwaka mwingine. Aliyefutwa amefutwa. Mtoto huyu angerudi Bonde la Chumvi kuchota chumvi mpaka vidole vimkatike, na maneno mawili matatu kwenye safu ya nne yalitosha kumpeleka. Alikuwa ameshayapigia muhuri maneno kama hayo ya watoto kumi na mmoja. Hakuyakumbuka majina yao, na kwa hilo aliwahi kusifiwa.

"Mheshimiwa," alisema Semeni. "Naomba kuuliza swali moja, hata kama nafutwa."

"Uliza."

"Kengele ililia?"

"Riwaya inaishia ukurasa wa mia na arobaini na mbili," alisema Bwana Lukindo, kwa mazoea.

"Hilo tunaliandika kwenye mtihani. Mimi nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye umesoma. Yelka yuko kwenye ngazi za mnara, kaka yake hajaliliwa, askari wameshaanza kupanda, halafu kitabu kinakwisha. Kwetu hakuna aliyemlilia mama kama mtu aliyekufa. Nataka kujua tu kama yule msichana aliweza."

Hapo Bwana Lukindo alimwona Felista, na kipande cha mkaa, na herufi E kwenye mlango wa jikoni ambayo yeye, Erasto, aliiandika imegeuka nyuma, na dada yake akamcheka hadi akakaa chini. Alimwona waziwazi, mchana kweupe, akiwa kazini.

Alichukua kalamu. Safu ya kwanza akaandika: Erasto Lukindo. Safu ya kidato akapiga mstari. Safu ya kitabu akajaza vizuri. Safu ya nne akaandika kwa mwandiko wake wa ofisini, bila kufuta: Kitabuni, msichana alikatazwa kumlilia kaka yake. Nchini, dada yangu Felista alikufa siku ya Alhamisi, siku mbili baada ya homa kwisha. Akatia sahihi na kupiga muhuri, maana alikuwa mtu wa utaratibu.

Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizokatwa kwa wembe, akalegeza tai.

"Sura ya kumi na tisa," alisema.

Aliwasomea yote. Yelka alifika juu ya mnara akaishika kamba. Alikuwa amekariri majina yote ya waliokufa, na kila jina alilipigia mara moja, akilitaja kwa sauti. Watu wakatoka majumbani, wakasimama kwenye theluji, wakasikiliza. Askari walikuwa wanapanda ngazi na mapanga yao. Askari wa mbele akasimama ngazi ya hamsini, kwa sababu mama yake alikuwa bado hajatajwa na alitaka kumsikia. Alipotajwa, akasogea ukutani amwachie nafasi askari wa nyuma, naye akasimama, kwa sababu mtoto wake alikuwa bado.

Bwana Pongwa alikuwa ameshafika mlangoni kwenda kupiga simu Wizarani. Alibaki ameshika kitasa hadi mwisho wa sura. Kila mtu pale shuleni alijua kwamba mke wa Bwana Pongwa alihama mwezi mmoja na mama yake Semeni. Simu aliipiga baadaye, alipomaliza kujifuta uso, kwa sababu wajibu ni wajibu.

Tume ya watu saba ilikaa siku kumi na nne. Iliona kwamba hakuna kufanana kokote kati ya kitabu na Shule ya Sekondari Tumaini Jema, kwa kuwa kitabuni kuna mnara na shuleni hakuna, kitabuni kuna kengele ya shaba na shuleni kuna rimu ya lori, na zaidi ya yote hakukuwa na theluji. Kuhusu mwanafunzi Semeni Mbwambo, Tume iligundua kwamba fomu ina nafasi ya jina moja tu, na imeshajazwa. Jina lake likabaki kwenye orodha ya mtihani. Tume ilipendekeza pia fomu iboreshwe, iwe na safu tatu.

Kwa kuwa Bwana Lukindo hayupo tena wa kutuonyesha mambo, yaliyobaki itabidi tuyaangalie wenyewe. Mkewe alipokea barua fupi siku ya Ijumaa. Ilisema mumewe amehama bila kuacha anuani. Akaandaa sherehe, watu wakaja, na kibali cha kulia safari hii kilifika mapema. Wembe wa Bwana Lukindo na mtoto wa meza yake vilikuwa vimeshapata mkaguzi mpya, kijana mchapakazi, naye huchoma kila kitu siku hiyohiyo.

Mtihani wa taifa ulifanyika kwa amani. Swali la saba liliuliza riwaya inaishaje. Semeni aliandika kwamba inaishia ukurasa wa mia na arobaini na mbili, kama walivyoandika wenzake arobaini, na wote walipata maksi zote. Muda ulipokwisha, msimamizi kutoka Wizarani alimruhusu kiranja wa kengele atoke akagonge.

Semeni alikwenda chini ya mwarobaini, akaokota nondo. Aligonga mara tatu. Akangoja mpaka sauti ikaisha kabisa, midomo yake ikatamka jina moja, kisha akagonga mara moja tena, taratibu, kwa nguvu zake zote. Madarasani watu walikuwa wamesimama. Bwana Pongwa alikuwa amevua kofia.

Msimamizi akatoka mbio na daftari lake. "Wewe binti! Kanuni ni mara tatu. Hiyo ya nne ya nini?"

"Nisamehe, Mheshimiwa," alisema Semeni. "Nimesahau kuhesabu."

Msimamizi akamtazama, akafunga daftari, akaridhika. Katika Jamhuri ya Shwari, kusahau hakujawahi kuwa kosa.